Mkono Mzima

Mbuzi alichinjwa kabla Ifrah hajamaliza kueleza. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, simu mkononi, akimwambia mama yake kwamba wale watu wa ufadhili wa Malaysia wamejibu. Wameisoma insha yake, wameipenda, na sasa wanataka kumwona. Alikuwa bado anatafuta namna ya kusema kwamba kumwona kwenyewe ni mahojiano ya video, tena pamoja na wengine, wakati baba yake, Kerrow, aliyekuwa uani akitawadha kwa ajili ya alasiri, alipoliacha birika likimwagika.

"Wanataka kukuona? Wamesema wenyewe?"

"Ndiyo, Aabo, lakini..."

"Allahu akbar! Timiro, umesikia? Wanataka kumwona!"

Kerrow alikuwa dalali wa mifugo katika soko la Garissa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na sokoni hakuna neno zito kuliko hilo. Mnunuzi asiyetaka hupita. Anayetaka kidogo huuliza bei kwa mbali, kama mtu anayeuliza njia. Lakini anayesema "mlete nimwone" amekwisha kununua moyoni. Kilichobaki ni kuficha furaha yake ili asiongezewe bei. Kerrow alikuwa ameishi kwa kuzisoma nyuso za namna hiyo, na hakuona kwa nini Malaysia pawe tofauti.

Kabla ya magharibi ua wao wa Bulla Iftin ulikuwa umejaa. Wali ulipakuliwa kwenye sinia, wanaume wakakaa upande wa mkeka wa mbele, wanawake upande wa jikoni, na Ifrah akapita katikati na jagi la maji ya kunawa, akibarikiwa kila hatua. Mzee mmoja alimwita daktari wa ngamia. Mwanamke mmoja alimwomba amwangalie mbuzi wake aliyekuwa akikohoa. Ifrah alikuwa msichana wa sauti ndogo, ambaye hata shuleni alinyoosha mkono nusu, na kila alipofungua mdomo kusema "bado", mtu alimjazia dua.

Hatimaye alimpata mama yake peke yake kando ya jiko.

"Hooyo, sijapata. Nimeitwa kwenye mahojiano tu. Tumebaki wengi."

Timiro aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Wengi kiasi gani?"

"Hawakusema. Na hata nikifaulu, wengine hupewa nusu. Nusu ni kama hakuna, maana nauli na malazi tutatoa wapi?"

Timiro aliangalia upande wa wanaume. Kerrow alikuwa amesimama katikati ya mkeka, shali yake begani, akiwasimulia wageni jinsi binti yake alivyokuwa akihesabu meno ya mbuzi kabla hajajua kuhesabu vidole. Alikuwa akicheka mpaka kofia ikaenda upande.

"Mwache ale kwanza," Timiro akasema. "Hajacheka hivyo tangu ukame."

*

Zawadi zilianza siku iliyofuata. Shuaib, jirani mwenye kibanda cha mitumba katika soko la Mugdi, alileta koti zito lenye manyoya shingoni.

"Ng'ambo kuna baridi," alisema. "Binamu yangu yuko Norway, anasema mate yanaganda mdomoni."

"Adeer, Malaysia kuna joto kama hapa," Ifrah akasema polepole.

"Ng'ambo ni ng'ambo. Livae nione."

Ifrah akalivaa, juu ya jilbabu, katika jua la Garissa la saa sita. Watoto wa mtaa wakashangilia. Jasho likamtiririka mgongoni, naye akatabasamu kwa sababu Shuaib alikuwa akitabasamu. Tangu siku hiyo, watoto wakawa wanamwita Malaysia. "Malaysia, unaenda lini?" "Malaysia, umetumwa sukari?" Aliitikia kwa kuinamisha kichwa, na kila alipoitikia alihisi uongo ukinenepa kama kondoo wa Idd.

Aliyemsaidia kuvumilia ni Mwalimu Sharifo, aliyemfundisha biolojia katika shule ya upili. Ndiye aliyemwonyesha tangazo la ufadhili tangu mwanzo, na ndiye aliyemrudishia insha yake mara kwa mara mpaka Ifrah akadhani anachukiwa. Insha ya kwanza ilikuwa imejaa ukame, umaskini na shukrani.

"Shida kila mtu anayo," Sharifo alikuwa amemwambia, akipiga mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini. "Hawa hawatoi sadaka. Wanatafuta mtu aliye na swali linalomkosesha raha. Wewe unalo?"

Ifrah alikuwa nalo. Aliliandika, na ndilo lililomfikisha hapo.

Sasa walikuwa katika chumba cha maabara cha shule, wakijizoeza mahojiano. Sharifo alikaa nyuma ya meza na kukunja uso kama mgeni.

"Karibu. Tueleze wewe ni nani."

Ifrah akavuta pumzi. "Mimi ni Ifrah Kerrow Abdihafid Aweys Abdilatif Gedi Hirsi..."

Alikuwa amefika kwa babu wa kumi hivi, macho yamefumbwa, sauti kwa mara ya kwanza imetulia, Sharifo alipolala juu ya meza kwa kicheko.

"Ifrah, jamani! Hawajui hata Garissa iko wapi, wewe unawapa ukoo mzima!"

"Si wameuliza mimi ni nani?"

"Wanamaanisha wewe mwenyewe. Umefanya nini, unataka nini, kwa nini wewe na si mwingine."

Ifrah akaangalia vidole vyake. Nyumbani kwao mtu hasemi hayo juu yake mwenyewe. Husemwa na wengine, naye huwa amekwisha kuondoka chumbani. "Nitawezaje kujisifu, mwalimu? Mdomo utakataa."

Sharifo akaacha kucheka. Naye pia alikuwa binti wa huko huko.

*

Timiro ndiye aliyemwambia mumewe ukweli, asubuhi moja akimwekea anjera na chai ya maziwa ya ngamia. Alimweleza yote, hata habari ya nusu, kwa upole, kama mtu anayemtoa mwiba mtoto. Kerrow alisikiliza mpaka mwisho. Hakula.

Siku hiyo ilikuwa ya soko kubwa. Alimshughulikia mnunuzi kutoka Mwingi aliyekuwa akimzunguka fahali mmoja mwekundu. "Wewe angalia mguu yake, rafiki," Kerrow akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "ng'ombe hii imetembea kutoka mbali na haijachoka." Lakini sauti yake haikuwa na chumvi, na mnunuzi akasogea kwa dalali mwingine.

Dalali huyo alikuwa Gelle, rafiki yake wa miaka mingi, mtu asiyeweza kuona kidonda asikitie kidole.

"Kerrow! Msichana ameruka?"

"Bado."

"Bado? Mbuzi tumemla, mifupa imekwisha kutafunwa na paka, ndege haijafika? Au inakuja kwa miguu kupitia malisho ya Kutulo?"

Madalali wakacheka, kicheko kisicho na ubaya. Kerrow akacheka nao. Kisha akaondoka sokoni mapema, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Mtaji wa dalali ni neno lake. Akisema mnyama ni mzima, mtu hutoa fedha kwa neno hilo tu. Naye alikuwa amewaita watu mbele ya nyama na wali akawaambia mnyama ameuzwa, kumbe mnunuzi alikuwa hajamwona.

Alimkuta Ifrah uani akianua nguo. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka, Aabo."

Kerrow akakung'uta vumbi la soko kwenye shali yake. "Ijumaa nitasimama msikitini niwaambie."

"Subiri kwanza. Nihojiwe kwanza." Ifrah akaketi chini mbele yake, nguo mapajani. "Aabo, wataniuliza kwa nini mimi. Sijui kujiuza. Nifundishe."

Baba yake akamtazama, na kitu kama tabasamu kikapita usoni mwake. Alipokuwa mdogo, Ifrah alikuwa akimsumbua amfundishe lugha ya mikono, ile ambayo madalali hupatana bei kwayo, mikono imefichwa chini ya shali, midomo ikizungumzia mvua. Kidole hiki ni kiasi hiki, vidole viwili ni nusu ya bei. Kerrow alimfundisha kwa mchezo wakati wa chai. Bei ya pipi, bei ya viatu vya Idd. Mkono mzima ukikamatwa na kubanwa mara mbili, kati yao ulimaanisha bei kamili, hakuna kilichopungua.

"Mnyama mzuri hauzwi kwa mdomo," akasema. "Ukimsifu sana, mnunuzi hujiuliza unaficha nini. Mimi hufungua kamba nikamwacha atembee. Mnunuzi mwenye macho ataona."

"Na kama ana kasoro?"

"Itaje wewe, kabla hajaiona. Ukishataja kasoro, kila utakalosema baadaye ataliamini."

*

Mahojiano yalifanyika maabara, kwenye kompyuta ya Mwalimu Sharifo. Kerrow alisindikiza mpaka kwenye mwarobaini wa nje, akaapa hatasogea, kisha akaonekana dirishani akijifanya anakagua kuta.

Walikuwa watatu kwenye kioo. Profesa mwanamke mwenye hijabu ya kijani, mzee mwenye miwani, na kijana aliyekuwa akiandika. Walizungumza Kiingereza, polepole, kwa adabu. Ifrah alisema jina lake na la baba yake, akaishia hapo. Sharifo, aliyekuwa kando ya mlango, akashusha pumzi.

"Kwa nini tukuchague wewe?" akauliza mzee.

Ifrah alitupa jicho dirishani, kwa baba yake. Kisha akafungua kamba.

"Kemia yangu si nzuri sana," alisema. "Biolojia nilipata A, lakini kemia B. Na naogopa kuzungumza. Hamuioni mikono yangu kwa sababu nimeikalia."

Yule kijana akainua kichwa. Profesa akacheka, akainua mikono yake mwenyewe kwenye kioo. "Mimi pia niliikalia yangu, siku yangu. Endelea."

Basi akaendelea. Akawaambia juu ya nyanya yake anayechunga ngamia pande za Kutulo. Ngamia akikojoa, nyanya huchukua mchanga ule na kuunusa, na husema huyu ana dhukaan, ugonjwa unaoletwa na inzi wanaouma. Mara nyingi husema kweli, kabla mnyama hajaonyesha dalili yoyote. "Shuleni tulifundishwa kwamba ugonjwa huo ni kijidudu ndani ya damu. Nilifurahi. Lakini hakuna aliyeniambia harufu ile ni nini, inatoka wapi, na kwa nini. Nimemuuliza kila mtu. Nataka kujua."

"Na nyanya yako huwa hakosei?" akauliza profesa.

Ifrah akasita. Lingekuwa jambo jepesi kusema hakosei.

"Hukosea. Mwaka mmoja alimtenga ngamia mzima, mgonjwa akabaki ndani ya kundi. Tulipoteza wengi. Nyanya hakulia wakati wakifa. Alilia baadaye, alipokuwa anaosha mikono, kwa sababu mikono ilikuwa bado inanuka ule mchanga na alikuwa hajui alikosea wapi. Kama ningejua harufu ile ni nini, ningemwambia."

Profesa alifungua mdomo kuuliza jambo. Uso wake ukaganda, mkono mmoja hewani. Kisha kioo kikawa cheusi.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Sharifo alijaribu simu yake, akajaribu ya Kerrow, aliyeingia mbio akisahau kiapo chake, lakini mtandao ulikuwa umelegea. Uliporudi, wale watatu walikuwa wamekwisha kuondoka.

Ifrah alilia, na jambo lililomliza liliwashangaza wote wawili. "Sikuwaaga," alisema. "Watu wamenikaribisha, nimeondoka bila kuaga. Watasema sisi ni watu gani?"

Sharifo alimsaidia kuandika maneno machache ya kuaga na kuomba radhi. Ifrah akaongeza mwishoni salamu kwa familia zao na dua ya mvua. Sharifo alitaka kuifuta dua, halafu akaiacha.

*

Wiki zikapita bila jibu. Kerrow alikuwa bado hajasimama msikitini. Kila Ijumaa alijiambia labda wiki hii watajibu. Ndipo Ugbad, dada yake anayeishi Lafey, mbali kaskazini, akafika bila taarifa, na mzigo wa nyirinyiri begani. Ilikuwa nyama ya ngamia iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, ikafungwa katika chombo kilichopambwa kama bibi harusi.

"Ya safari ya mtoto," alisema Ugbad, akimbusu Ifrah mikono. "Nimeambiwa huko wanakula samaki tu. Nani atampa nguvu?"

"Eedo, umekuja mbali hivi kwa ajili yangu?"

"Nimekuja kuaga mtu anayekwenda mbali zaidi. Niitieni majirani, au watu wa Garissa siku hizi mnaagana kwa simu?"

Majirani wakaja. Ua ukajaa tena, alasiri ile ile ya dhahabu, mikeka ile ile. Shuaib aliuliza koti liko wapi. Gelle alikuja na mkewe na mzaha mpya. Timiro alimimina chai bila kumtazama mtu yeyote machoni. Na Kerrow, akimtazama dada yake aliyepita barabara mbaya ya kutoka Lafey na nyama begani, aliona kwamba hawezi tena. Akasimama.

"Jamaa," alisema. Shali ilikuwa imemteleza begani, hakuipandisha. "Nina neno. Niliwaita hapa nikachinja, nikasema mtoto amepata. Mimi sijui kusoma maneno yao. Niliyasikia kama ninavyoyasikia ya sokoni. Kumbe..."

Jikoni, simu ya Ifrah ikatetemeka juu ya gunia la unga.

Aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma tena. Alimshika bega mama yake, aliyekuwa ameingia kuongeza chai, na Timiro, alipoona uso ule, akaweka birika chini kwa mikono yote miwili. Nje, sauti ya baba yake ilikuwa ikiendelea, polepole, kama mtu anayetembea juu ya miiba. "...kumbe walitaka kumtazama tu. Hakuwa amepata."

Hakuna aliyetafuna.

Ifrah angeweza kupiga kelele. Lakini alikuwa hajawahi kupiga kelele maishani mwake, tena mbele ya wanaume. Akatoka jikoni. Akapita mikeka ya wanawake, akaupita mpaka ambao wasichana hawaupiti bila sinia mkononi, akafika kando ya baba yake na kuushika ukingo wa shali. Akaivuta ikafunika mikono yao.

Kerrow akamtazama, hakuelewa. Kisha akahisi vidole vyake.

Mkono wake wa dalali ulielewa kabla ya kichwa. Chini ya shali akauliza, kwa kushika vidole viwili vya binti yake, nusu?

Ifrah akavichomoa. Akaukamata mkono wa baba yake wote, kidole gumba na vinne, akaubana mara mbili.

Kerrow akafumba macho. Akabana naye, kama mtu anayeuliza kwa herufi kubwa: kamili? Nauli, malazi, ada, kila kitu? Akabanwa tena. Kamili.

"Enyi!" Gelle akapaza sauti, kwani hakuna dalali asiyeyajua mabega ya watu wanaopatana. "Hawa wanafanya biashara! Kerrow, bei gani hiyo?"

"Bei ya chini ya shali haitangazwi," Kerrow akajibu, na sauti yake ikapasuka katikati. Machozi yalikuwa yakishuka ndani ya ndevu zake. "Lakini hii nitaitangaza. Nilichowaambia siku ile hakikuwa kweli. Kimekuwa kweli sasa hivi. Wallahi, sasa hivi, mkiwa mmekaa hapa. Ufadhili mzima!"

Kwanza hakuna aliyeelewa, kisha wote wakaelewa kwa pamoja. Ugbad akapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka ukuta. Shuaib akakimbia nyumbani kwake, akarudi na kofia ya sufu. Mwalimu Sharifo, aliyepigiwa simu na Timiro, alisikika akilia na kucheka ndani ya kipaza sauti, akiuliza kama wametaja ile dua ya mvua. Walikuwa wameitaja. Profesa alikuwa ameandika kwamba huko kwao mvua imezidi, na kwamba angefurahi kuituma.

"Subirini," Gelle akasema, akinyanyua mkono kama hakimu. "Kwa hiyo yule mbuzi wa kwanza tulimla kwa makosa?"

"Kwa makosa," Kerrow akakiri.

"Basi hahesabiki. Yuko wapi wa kweli?"

Kicheko kikalipuka. Wanaume wawili wakaenda zizini, wakibishana juu ya yule mweupe na yule mwenye madoa. Timiro akaanza kupima mchele, akaacha, akafunika uso kwa mtandio, akaanza upya. Jua lilikuwa limeinama juu ya Bulla Iftin, na vumbi la miguu ya watu lilikuwa jekundu.

Sokoni, bei ikishakubalika, mikono huachana mara moja, na kila mtu hushika njia yake. Kerrow aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini watu walipokuja kumpongeza, mmoja baada ya mwingine, aliwapa mkono wa kushoto na kuomba radhi. Wa kulia ulikuwa bado chini ya shali, umeukamata wa binti yake, wote mzima, na haukuwa na haraka ya kuachia.